Mafuta ya Kukamulia

Chifu aliwapa wiki mbili. Alitamka "wiki mbili" kwa sauti ya mtu anayegawa zawadi, akafunga daftari lake, na watu waliojaa nje ya ofisi yake pale Mweiga wakaanza kunong'ona kwamba hata hizo ni nyingi. Kama wiki mbili zingeisha na Wacera hajaonyesha kwamba nyuki waliomuuma Mzee Theuri hawakuwa wake, basi mizinga yake yote kumi na mmoja ingechomwa moto, na petroli angeinunua mwenyewe.

"Na kiberiti," akasema Wamae, mtoto wa kwanza wa Theuri. "Asisahau kiberiti."

Watu wakacheka. Walikuwa watu anaosali nao kila Jumapili, tena wengine alikuwa amewagawia asali wakiwa na watoto wenye kikohozi bila kuwadai hata asante. Wacera alikishikilia kibeti chake magotini akangoja wamalize. Mumewe Kinuthia, aliyekaa naye benchi moja, alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Nyuki wangu si wakali," akasema Wacera. "Ni wale weusi wa mlimani. Nyinyi wote mmeniona nikiwafungua mikono mitupu. Wewe Wamae umekula asali yangu ukiwa umesimama kando ya mzinga, hata kofia hukuvaa. Walikuuma?"

"Nyuki ni nyuki," akajibu Wamae. "Baba yangu hakuwauliza kabila."

Wakacheka tena, na safari hii hata chifu alitabasamu. Lakini mambo yenyewe hayakuwa ya kuchekesha. Jumanne iliyopita Mzee Theuri alikuwa anakata majani ya nepia kwenye mpaka wa shamba lake na la Wacera, ng'ombe wao Njata amefungwa kwenye kigingi hapo karibu. Nyuki waliteremka bila ya mtu kuwachokoza. Mzee alikimbia hadi akaanguka. Njata alikuwa amefungwa, kwa hiyo hakukimbia popote, na saa sita ilipofika alikuwa amekufa. Theuri alipelekwa hospitali Nyeri, na sasa figo zilikuwa zimegoma. Mkewe, Wakiuru, alisema alimtambua kwa kucha tu, maana uso haukuwa wa mtu.

Wakiuru hakuja kwenye ule mkutano. Alikuwa wodini na mumewe. Hilo ndilo lililomuuma Wacera zaidi, kwamba wale waliokuja kumhukumu hawakuwa wale walioumia.

* * *

Wacera hakuwa mtu wa kulala chini akalia. Kwenye kabati alikuwa na kipande cha katoni kilichoandikwa namba ya simu, na namba hiyo ilikuwa ya Daktari Karambu, mwanamke wa Timau aliyesomea wadudu hadi akawa hana la kuzungumza ila wadudu. Mwaka uliopita Karambu alipita Mweiga na vichupa vyake vya glasi, akachukua nyuki wachache kwenye kila mzinga wa Wacera, akanywa chai vikombe vitatu, akaenda zake. Kabla ya kuondoka alikuwa amesema jambo ambalo Wacera hakulisahau.

"Daktari, uliniambia nyuki wako na nguo," Wacera alisema kwenye simu.

"Nilisema nta, Mama Tabby." Karambu alicheka kidogo. "Kila mdudu amejipaka nta nyembamba sana juu ya mwili, ndiyo asikauke. Huwezi kuiona na macho. Lakini nta ya nyuki wa mlimani haijachanganywa sawa na ya wale wa huko chini kwa joto. Nikiwasuuza kwa dawa, nta inatoka, halafu mashine inachora vilima kwa karatasi. Kila aina iko na vilima vyake."

"Hata kama amekufa?"

"Hata akikauka mwezi mzima."

"Na rangi? Kwa sababu hawa waliokufa wote wamekuwa kahawia tu, mtu hawezi kujua."

"Rangi achana nayo. Siku hizi wamechanganyikana, unaweza kupata mweusi mkali na wa manjano mpole. Nta ndiyo haidanganyi sana."

Wacera alilipenda lile "sana". Mtu anayesema "sana" hajaja kukuuzia kitu. Akamweleza habari yote ya Mzee Theuri, na Karambu akamsikiliza bila kumkatiza. Kisha akasema atawapima nyuki hao bila malipo, kwani ni kazi yake, mradi wamfikie.

Kwa bahati nzuri Wacera alikuwa nao. Jioni ile ya Jumanne aliinama chini ya nepia akaokota nyuki waliokufa, kama hamsini hivi, akawatia kwenye chupa ya jemu. Asubuhi baada ya simu ya Karambu aliipeleka chupa hiyo Nyeri mjini, kwenye ofisi ya kutuma vifurushi, akasimama pale hadi alipoiona ikiingizwa kwenye gunia.

* * *

Siku ya tano Karambu akapiga simu. Wacera alikuwa jikoni, na Kinuthia alikuwa mlangoni akivua gambuti.

"Mama Tabby, wale nyuki uliwaokota na nini?"

"Na mikono."

"Ulikuwa umetoka kufanya nini?"

"Si kitu. Nilikuwa nimetoka tu kukamua."

Karambu alisikika akipekua karatasi.

"Kwa chuchu za ng'ombe huwa unapaka nini?" akauliza Karambu.

Wacera aligeuka akatazama dirishani. Mkebe wa manjano wa mafuta ya kukamulia ulikuwa pale pale unapokaa siku zote. Mweiga nzima ina mkebe huo. Ng'ombe anapakwa, midomo iliyopasuka kwa baridi ya Julai inapakwa, visigino vinapakwa, na Jumapili watoto wanapakwa uso mzima wakaingia kanisani wakimeta. Tangu aolewe, mikono ya Wacera haikuwahi kukosa mafuta hayo hata siku moja.

"Yametengenezwa na petroli hayo," Karambu akasema polepole. "Na hiyo nta ya nyuki, ukiangalia, ni ndugu wa mafuta hayo. Mashine haikuona nyuki, Mama Tabby. Iliona kilima kimoja tu, kikubwa, kimefunika vile vyote vidogo. Nimejaribu mara mbili. Pole."

Wacera alikaa kwenye kigoda. Aliiangalia mikono yake, mipana, nyufa zake zimejaa weusi wa viazi na ulaini wa mafuta, akaichukia. Mtu unaweza kuharibiwa na adui ukaelewa. Kuharibiwa na mikono yako mwenyewe, tena ikiwa kazini, ni jambo lingine.

Kinuthia alikuwa amesikia yote. "Basi," akasema, "labda ni Mungu ametuamulia. Tuchome tu tumalize hii maneno. Tutaanza upya."

"Tuchome?"

"Si ni mizinga tu, Mama Tabby. Wewe unagombana na kijiji kizima juu ya wadudu."

Wacera akamtazama mwanamume huyo, aliyekuwa ameishi naye miaka ishirini na mitatu. Kinuthia ni mtu wa kubishana na konda juu ya shilingi kumi hadi gari lizimwe. Leo mali ya nyumba nzima inakwenda motoni, naye anasema tuchome.

"Hiyo mizinga ndiyo ilimsomesha Tabby," akasema. "Ndiyo iliezeka hii mabati unatoa gambuti chini yake. Na kama hawakuuma, nitawachoma kwa nini?"

Kinuthia alitoka nje na gambuti moja mguuni.

* * *

Karambu alikuwa amemwambia neno moja la mwisho. Kama kuna nyuki wowote wa siku ile ambao hakuna mkono uliowagusa, bado nafasi ipo. Wacera alifikiri siku nzima akiwa shambani, na jibu alilopata hakulipenda hata kidogo. Walikuwepo. Walikuwa kwenye nguo za Mzee Theuri.

Kwenda nyumbani kwa Wakiuru ni hatua mia mbili, na siku ile zilikuwa ndefu. Alichukua chupa ya glasi aliyoichemsha, na kibano cha nyusi alichokiacha binti yake Tabby alipokwenda kufanya kazi ya maua Timau. Kibano nacho alikichemsha. Alinawa mikono kwa sabuni ya kufulia mara tatu.

Wakiuru alikuwa amerudi kutoka hospitali kubadilisha nguo. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni, sufuria ya maharagwe mabichi kati ya miguu yake, wala hakuwa anachambua. Alikuwa amemzidi Wacera kwa miaka kama kumi na tano, na ndiye aliyemfundisha kupanda viazi vya huku alipokuja kama bibi arusi.

"Mama Wamae, nimekuja," akasema Wacera.

"Nimekuona."

Hakuambiwa karibu. Kitu kidogo hicho, lakini Wacera hakuwahi kusimama uani kwa Wakiuru kama mchuuzi. Akauliza hali ya mzee, akajibiwa kwamba anasafishwa damu na mashine mara tatu kwa wiki, na kwamba jana alimwita mkewe kwa jina la dada yake. Wacera hakujua aweke wapi macho.

"Nataka kukuomba kitu kibaya," akasema hatimaye. "Ile kabuti alivaa siku hiyo. Uliifua?"

Wakiuru aliinua kichwa. "Unataka kabuti ya mzee wangu?"

"Nataka nyuki. Wale walikufia ndani. Kuna daktari anaweza kuwapima ajue kama ni wangu ama si wangu."

"Na kama ni wako?"

Swali hilo Wacera hakuwa ameulizwa na mtu. Mkutano mzima hakuna aliyeliuliza, kwa sababu kila mmoja alikuja na jibu lake.

"Kama ni wangu nitakuja kukuambia mimi mwenyewe," akasema. "Hutaambiwa na chifu."

Wakiuru alisukuma sufuria kando. Kisha akainuka, goti likalia, akaingia ndani. Alirudi na kabuti zito la kijivu lililofungwa kwenye gunia. Hakulifua. Hakuwa hata na nguvu ya kulitazama. Wakalitandika juu ya meza ya uani, na Wacera alipoinua ukosi, waliwaona. Walikuwa wamekaukia kwenye bitana na ndani ya mkono wa kulia, wengine miiba yao bado imechomeka kwenye kitambaa.

Wacera alishika kibano, kisha akasita. Mikono ilikuwa safi kwa macho. Lakini alipokisugua kidole gumba kwenye kile cha shahada, alisikia ule utelezi, mbali huko ndani ya nyufa, miaka ishirini na mitatu ya utelezi.

"Siwezi," akasema. "Mikono yangu iko na mafuta ya kukamulia. Ndiyo iliharibu wale wa kwanza."

"Leta hapa," akasema Wakiuru.

"Na wewe si pia uko nayo?"

"Ya nini?" Wakiuru alinyoosha mikono yake juu ya meza. Ilikuwa mikavu, imepauka, ngozi imeanza kuchanika kwenye viungo. "Mimi sijakamua tangu siku hiyo. Nikamue nini?"

Machozi yalimtoka Wacera, akageukia upande wa choroko zilizoanikwa, akayafuta kwa bega ili asishike chochote. Nyuma yake Wakiuru alikuwa ameanza kazi. Alikishika kile kibano cha msichana cha kutengenezea nyusi, akawa anawatoa mmoja mmoja wale waliomwangusha mumewe, akiwahesabu kwa Kigikuyu, sauti ya chini. Alifika ishirini akaacha.

"Wanatosha?"

"Wanatosha."

"Basi nenda. Na ufunge huo mlango wa boma, kuku watatoka."

* * *

Karambu alizipokea habari hizo kwa furaha, kisha akaongeza kazi. Nta ya nyuki hubadilika kidogo kufuata majira na chakula, alisema, kwa hiyo vipimo vya mwaka jana peke yake havitoshi. Alitaka nyuki wapya kutoka kila mzinga, kila mzinga chupa yake, namba juu.

Siku hiyo Wacera hakukamua, alimwachia Kinuthia. Alivaa glavu mpya za mpira, akaenda kwenye mizinga na chupa kumi na moja kwenye kreti. Njia yenyewe ilikuwa rahisi. Unaweka mdomo wa chupa kwenye tundu la mzinga, nyuki wanaingia wenyewe, unafunika. Namba moja, namba mbili, namba tatu. Weusi, wapole, wanatembea kama watu wanaotoka ibadani. Alipokaribia namba nne, Kinuthia alitokea upande wa zizi akija mbiombio, ndoo ya maziwa bado mkononi.

"Hiyo iache."

"Kwa nini?"

"Hiyo nitafanya mimi. Si nilikuambia ile fremu imevunjika?"

Tangu Aprili namba nne ilikuwa ya Kinuthia. Yeye ndiye aliyekuwa anaifungua, yeye ndiye aliyekuwa anaifunga, na kila mara alikuwa anatumia moshi mwingi hadi majirani wakauliza kama anachoma taka. Wacera alikuwa amefurahi kwamba hatimaye mume wake amependa nyuki. Sasa alisimama na chupa mkononi akazitazama nguzo za ule mzinga. Kila nguzo ya mzinga hukaa ndani ya kopo lenye oili chafu ya gari, ili siafu wasipande. Makopo ya namba nne yalikuwa mapya, yote manne.

"Baba Tabby. Hii makopo ulibadilisha lini?"

Kinuthia aliweka ndoo chini. Maziwa kidogo yakamwagika, wala hakuyaangalia.

"Ulikuwa Mukurweini kwa mama yako akiwa mgonjwa," akaanza. "Uliniambia niongeze oili. Nikasahau. Siafu waliingia, wale nyuki wakahama wote kwa siku moja."

"Na hawa ni akina nani?"

"Kuna jamaa huko chini kwa joto, Mukurweini, Ngugi, hushika makundi yakitua kwa kahawa. Nilimwomba kundi moja."

Wacera alihesabu nyuma kichwani. Aliiona siku ile waziwazi, Kinuthia akija kumjulia hali mama mkwe, mzuri, mchangamfu, na jioni akaondoka na boksi limefungwa kamba nyuma ya pikapu.

"Ulisema ni ndizi," akasema.

"Niliogopa mdomo wako."

"Ulimwambia mama yangu ni ndizi. Akakuombea safari njema, wewe na ndizi zako."

"Mama Tabby, mimi sikujua watauma mtu. Ni wakali kidogo, ndiyo, lakini niliona wakizoea hapa watapoa. Nilitaka tu ukirudi upate kumi na moja vile uliacha."

Hakuwa anasema uongo. Hilo ndilo lililokuwa baya. Wacera alikuwa na hasira ya kumrushia kreti, na wakati huo huo aliona vizuri kabisa jinsi mtu mzima anavyoweza kubeba kundi la nyuki kutoka Mukurweini hadi Mweiga kwa sababu tu ya kuogopa kuambiwa "si nilikuambia". Na angemwambia. Angemwambia wiki nzima.

"Sasa sikia," Kinuthia akasema, amekaribia, amepunguza sauti. "Hiyo ya nne usitume. Daktari atapima wale wa kabuti, atasema si wa mlimani. Huo si uongo, ni ukweli. Mizinga yako kumi haina makosa, Mama Tabby. Ukisema, watachoma yote. Unawajua."

Aliwajua. Wacera akaweka mdomo wa chupa kwenye tundu la namba nne. Walitoka kwa kishindo, wakagonga glasi kwa vichwa. Wawili walimuuma shingoni kabla hajafunika. Akaiandika namba kwa kalamu, akaiweka kwenye kreti pamoja na nyingine.

* * *

Ripoti ilikuja asubuhi ya siku ya kumi na nne. Ilitumwa kwenye simu ya Kinuthia, kwa kuwa ya Wacera ilikuwa kabambe, simu ndogo ya kupiga na kupokea tu, na Kinuthia akaenda saiba, kwenye duka la kompyuta, kuichapisha. Lakini Karambu alikuwa amempigia Wacera kwanza.

"Ni kurasa mbili," alisema. "Ya kwanza ni ya wale wa kabuti. Si aina ya mlimani, hiyo nina hakika. Ya pili ni ya namba nne. Mama Tabby, siwezi kuapa. Lakini vilima vya namba nne na vya kabuti vimefanana sana. Wale kumi wengine hawakaribii hata kidogo. Nimeandika vile nimeona."

Watu walijaa kwa chifu kuliko mara ya kwanza. Wamae alikuwa amekuja na jerikeni, amelisimamisha mbele kabisa ambapo kila mtu angeliona. Na Wakiuru alikuwepo leo, ameketi mwisho wa benchi, amevaa sweta la kwenda hospitali.

Kinuthia alimpa chifu karatasi. Wacera aliiona kwa macho yake. Ilikuwa moja.

Chifu alivaa miwani. Alisoma maneno mengi ambayo hayakueleweka, kisha akafika penyewe. "'Nyuki waliopatikana kwenye kabuti si wa aina ya mlimani.'" Akainua uso. "Yaani si wa huyu mama."

Mtu mmoja akapiga makofi, halafu wengi. Watu wa Mweiga ni wepesi kurudi. Wale wale waliocheka juu ya kiberiti walikuwa sasa wanamgonga mgongoni, wanasema wao walijua tangu mwanzo, ati hata walisema. Wamae alilisukuma jerikeni chini ya benchi kwa mguu. Kinuthia alikuwa anafuta jasho, na alipomtazama mkewe macho yake yalikuwa yanaomba.

Wacera alifikiri juu ya mizinga kumi. Angeweza kunyamaza. Angeenda nyumbani, angeuzima mzinga wa nne kimyakimya, na hakuna hata mtu mmoja angekuwa amesema uongo, isipokuwa chifu, naye hakujua.

Ndipo Wakiuru akaja. Watu walimpisha. Akamshika Wacera mikono yote miwili, kwa ile mikono yake mikavu iliyokwaruza, akasema, "Nisamehe. Sikukukaribisha. Ulikuja kwangu ukasimama uani kama mgeni."

Wacera hakuweza. Kijiji kizima angeweza kukidanganya, na asingekosa usingizi sana. Lakini mikono ile ndiyo iliyohesabu ishirini.

"Ngoja, Mama Wamae," akasema. Akajitoa polepole, akatembea hadi kwa mumewe, akanyoosha kiganja mbele ya watu wote.

"Baba Tabby. Leta ile ingine."

"Ingine gani?"

"Leta."

Kinuthia alirudi nyuma hatua moja, mtu mzima mwenye mvi, kama mtoto aliyeshikwa na sukari. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Wacera hakumpa chifu. Aliikunjua akaisoma mwenyewe, polepole, na palipokuwa na maneno magumu aliyaruka akasema kwa maneno yake. Kwamba mzinga wa nne si wa mlimani. Kwamba uliletwa kutoka Mukurweini ndani ya boksi lililoitwa la ndizi, na mtu wa nyumbani kwake, akijua au asijue. Kwamba ndio uliomuuma Mzee Theuri na kumuua Njata. Kwamba ile kumi mingine ni safi, na anayetaka kuichoma aanze kwa kusoma hii karatasi.

Hakuna aliyecheka. Wamae alikuwa amesimama, mkono umeshika mpini wa jerikeni, anamwangalia mama yake.

"Keti," Wakiuru akamwambia.

Kisha Wakiuru mwenyewe akarudi mwisho wa benchi, akakaa, hadi watu wakaanza kusogeza miguu. Wacera alingoja. Alikuwa tayari kwa matusi, na alikuwa tayari kwa moto, na aligundua kwamba alichokuwa hakiwezi ni huku kungoja.

"Huo mmoja utachomwa," Wakiuru akasema. "Petroli atanunua huyu wa ndizi." Watu wakamgeukia Kinuthia. "Hiyo kumi sina neno nayo."

"Asante, Mama Wamae."

"Sijamaliza. Wewe unakamua saa ngapi?"

"Saa kumi na moja asubuhi."

"Kesho saa kumi na moja nitakuwa kwako. Hiyo ng'ombe nitakamua mimi, na maziwa ya asubuhi ni yangu. Mpaka mzee atoke hospitali. Na asipotoka..." Alitazama mikono yake, akaigeuza juu na chini. "Imekauka hii mikono. Sikujua mtu anaweza kukauka hivi."

Kinuthia alifungua mdomo, Wacera akamtazama, akaufunga.

"Njoo," Wacera akasema. "Mlango hautakuwa na kufuli. Mafuta yako hapo dirishani."